Mbegu Zilizokosa Moshi

Kule milima ya Mbooni, mbegu haifichwi kabatini. Hutiwa kibuyuni, kibuyu kikaning'inizwa juu ya meko, moshi ukailinda hadi mvua nyingine. Ndinda alikulia katika desturi hiyo. Alipoolewa mjini, Kawangware, kibuyu cha marehemu mama yake alikitundika palepale pa kawaida, juu ya moto. Tatizo ni kwamba moto wenyewe ulikuwa wa gesi.

Mvua ziliponukia akakishusha. Kilikuwa chepesi. Alipokimimina kwenye ungo ukamwagika unga kuliko maharagwe, na fukusi wakatembea mle kama wenye nyumba.

"Si nilisema tuyapike Krismasi?" mumewe Muia alisema, akifunga kamba za viatu. "Maharagwe ni maharagwe. Soko limejaa."

"Haya ya madoa hayako sokoni, Baba Victor."

Alisema kweli. Zamani kila mgongo wa mlima ulikuwa na haragwe lake: lililovumilia ukungu, lililovumilia jua, na hili la madoa ambalo maua yake yaliita nyuki. Siku hizi kaka yake kule Mbooni hupanda mbegu za pakiti tu. Alipompigia simu, kaka alicheka hadi akakohoa. "Yale ya mama? Tulimaliza kitambo!"

Basi Ndinda akaketi akachambua, nzima huku, mbovu kule. Zikapatikana kiasi cha kiganja. Hizo zikipotea, hapakuwa na pa kuomba tena.

Akazifunga kwenye leso, akashika njia hadi Makina, Kibera, kwa rafiki yake Nelima anayechemsha kwa kuni githeri ya kuuza, mahindi na maharagwe. Jikoni kwa Nelima hata ukuta hukohoa.

"Mama Victor! Watu wanakimbia moshi wangu, wewe unauletea mgeni?"

Ndinda akamweleza yote.

"Gesi? Ghai! Umewapashia fukusi joto, wakazaana!"

Wakacheka, Ndinda akijifuta macho, na si kwa sababu ya moshi peke yake.

"Nusu nitakutundikia hapa," Nelima akasema. "Nusu nipe nipande sasa. Niko na gunia la udongo la mboga za sukuma hapo nyuma, nitazing'oa."

Ndinda akaibana leso kiganjani. "Na zikiliwa na mbuzi?"

"Na kwako hazijaliwa? Mbegu ya nyumba moja hufa na hiyo nyumba, dada."

Ndinda akafungua leso, akazigawa mafungu mawili. Mkono wake ukarudi kwenye fungu la kupandwa, ukachukua punje moja nono. Nelima akajifanya anakoroga sufuria. Kitambo kidogo, Ndinda akairudisha ile punje.

Wakatoka nyuma, wakang'oa sukuma. Ndinda akatoboa udongo wa gunia kwa kidole, kina kile alichofunzwa na mama yake, akaanza na ile nono.