Vitabu Visivyoazimwa

Wahida alikuwa mtunza maktaba wa mji wa Mocímboa da Praia tangu hajaolewa, na vita vilipoufukuza mji mzima, alikimbia na ufunguo wa mlango kiunoni. Aliporudi alikuta paa la mbele limeungua, lakini chumba cha nyuma kimesalimika na vitabu vyake, vimejaa masizi. Alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Watu nao walikuwa wakirudi kidogo kidogo, kila mmoja akihangaikia mabati na miti ya kujengea. Hakuna aliyekumbuka kitabu, na Wahida hakumlaumu mtu.

Kisha ukaja mradi. Paa likaezekwa, umeme wa jua ukafungwa, na akaletwa kijana mpole, Dércio, mzaliwa wa Mueda aliyesomea Maputo, pamoja na mashine zake. Siku za mwanzo Wahida alifurahi kama aliyepata msaidizi. Kuorodhesha kitabu, kazi aliyoifanya miaka yote kwa kalamu na rula, mashine iliimaliza kwa kupiga picha ya jalada tu. Msomaji naye alijiazimia mwenyewe: anaweka kadi, anaweka kitabu, mashine inalia, huyo anaondoka.

"Sasa mama utapumzika," Dércio alimwambia.

"Nikapumzikie wapi, mwanangu?" Wakacheka wote wawili.

Kicheko kiliisha siku mashine ilipoanza kuchagua. Dércio alikuwa ameilisha kumbukumbu zote za zamani, nayo ikapima kila kitabu kimeazimwa mara ngapi tangu kabla ya vita, ikasema kipi kibaki na kipi kiondolewe kupisha meza za kompyuta. Rafu karibu zote zikawa za kuondolewa. Vitabu vya Kiswahili, ambavyo wasomaji wenyewe walivileta kutoka Mtwara kupitia mpaka wa Namoto, vilipata alama mbaya kuliko vyote. Mashine ilikuwa imeviandika "lugha ya kigeni."

"Kigeni kwa nani?" Wahida aliuliza. "Mama yangu alinibembeleza kwa lugha gani?"

Dércio alijikuna shingo. "Hilo naweza kulirekebisha. Lakini hesabu ya kuazima siwezi, mama. Miaka ile hakuna aliyeazima."

"Hakuna aliyeazima kwa sababu hakukuwa na mtu! Mji ulikuwa mtupu. Iambie hivyo."

"Nimetafuta mahali pa kuiambia. Hapapo."

Akawaandikia wakubwa wake Maputo, Wahida akiwa amesimama nyuma yake. Jibu lilirudi chai yake haijapoa, la adabu sana, likimshukuru kwa maoni. Dércio alilisoma mara mbili. "Hili nalo limeandikwa na mashine," akasema taratibu.

"Na vikiazimwa sasa?"

"Vikiazimwa vinabaki. Ndiyo kanuni."

Basi Wahida akajifunga kanga akaingia mitaani. Alianza na jirani yake Ancha, muuza vitumbua wa mtaa wa Milamba.

"Dada Wahida, mimi na kitabu wapi na wapi?" Ancha alicheka, mwiko mkononi.

"Kichukue tu ukae nacho. Hiki kina ramani."

Ancha akakichukua kwa kumridhisha. Siku iliyofuata Wahida alimkuta amepiga magoti mkekani, kidole kikitambaa juu ya karatasi kutoka Mocímboa kushuka hadi Pemba, njia aliyoikimbia kwa miguu na watoto. "Kumbe ni padogo hivi," Ancha alisema, kisha akairudia njia ile kwa kidole tangu mwanzo.

Zuberi, mwashi, alipewa kitabu cha ujenzi akaanza kugombana nacho kuhusu msingi. Watu wakaja wenyewe, wengine kwa huruma, wengine kwa kumwona mwenzao amebeba. Mashine ikalia kutwa nzima. Rafu zikapata mianya, na Wahida akawa anapita katikati yake akiimba kwa sauti ya chini. Dércio alimwona, akageukia mashine zake.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa ujumbe ulipoingia kwenye simu za waazimaji. Mashine ilikuwa imeona watu wasiowahi kuazima wakichukua kwa pamoja vitabu visivyowahi kutakiwa, ikayaita hayo udanganyifu. Ujumbe ulikuwa wa Kireno, mfupi: kadi yako imefungwa, jina lako limewekwa kwenye uchunguzi.

Mahali pengine mtu angefuta ujumbe huo akaendelea na chai yake. Lakini mji ule ulikuwa umeona watu wakichukuliwa kwa sababu ya jina tu, na kaka yake Zuberi alikuwa mmoja wao. Hajarudi mpaka leo.

Zuberi alikuja maktaba bila salamu. Akakiweka kitabu sakafuni, mbali na mashine.

"Nifute, mama."

"Ni kadi ya maktaba tu, Zuberi. Hakuna ubaya."

"Kwa nini waandike jina langu?" Akamgeukia Dércio. "Ni nani anayechunguza? Nipeleke kwake nikamweleze."

"Hakuna mtu, mzee," Dércio alisema. "Ni sistema, mfumo wa mashine, inajiandikia yenyewe. Nimejaribu kuizuia, sina ruhusa hiyo."

"Hakuna mtu?" Zuberi alimtazama kama anayetaniwa msibani. "Sasa mimi nikajitetee kwa nani?"

Siku ile vitabu vilirudi kwa mafungu, vingine vikatupwa kizingitini na watu wasiotaka kuonwa. Ancha hakurudisha. Wahida alipomfuata, alimkuta amekaa mbele ya jiko, macho mekundu.

"Nimekichoma, dada. Nilisema wakija wasikikute. Nisamehe."

Wahida alikaa naye. Alijua aliyemtia hofuni alikuwa yeye mwenyewe.

Mashine ikafuta hesabu yote ile ya kuazima, na lori likaja kama ilivyopangwa. Vibarua walivirusha vitabu kama matofali, hivyo Wahida akapanda mwenyewe kuvipanga, ingawa aliambiwa wazi kwamba vinakwenda kusagwa. Barua ya kumwachisha kazi ilimkuta kwenye simu akiwa bado juu ya lori. Hapakuajiriwa mwingine. Mlinzi hufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, na mashine hufanya yaliyobaki. Dércio alimwachia namba yake alipoondoka. Wahida alipopiga, ilijibu sauti ya mashine ikimuuliza anahitaji huduma gani.

Hakuna aliyekuja kumchunguza mtu. Wala haukuja ujumbe wa kusema uchunguzi umekwisha. Zuberi alihamia mashambani Mbau na familia yake, nyumba aliyoianza ikabaki imefika madirishani. Wengine wakimwona Wahida hubadilisha njia, si kwa chuki, ila hawataki waonekane naye.

Ancha ndiye aliyeendelea kumsalimia. Kila walipokutana sokoni aliuliza kwa sauti ya chini, "Wamesema nini?"

"Bado," Wahida alimjibu.

Mpaka wiki moja Wahida alikuta meza ya vitumbua imeegemezwa ukutani, na majirani wakamwambia Ancha amevuka mto wa mpakani, Rovuma, na watoto, hakuaga.