Chumba cha Eda

Alasiri moja mjini Tororo, Agwang alikuwa akichambua mchele wakati mumewe, Ekaju, aliposimama mlangoni na kumpa talaka moja. Alimwambia aondoke kabla ya magharibi.

"Na eda nikalie wapi?"

"Enda kwa mama yako."

Agwang alimaliza mchele, akauacha mezani, akavuka mpaka hadi Busia upande wa Kenya, kwa mama yake, Elinah.

Asubuhi iliyofuata chumba chake cha kulala kilikuwa kimesimama uani kwa Elinah, kati ya jiko na migomba. Kilikuja kizima, na kuta, mabati, kitanda na pazia la kijani dirishani. Majirani walifika kutazama. Walichotaka kujua ni kama kilipita getini au njia ya panya. Chrispinus, ajenti wa forodha, alikizunguka, akakuta alama ya chaki ya forodha ukutani, akasema kilipita getini, tena kilipanga foleni nyuma ya malori.

Sheikh aliitwa. Alivua viatu, akaingia, akagonga kuta, akaridhika.

"Hii ni haki yake," alisema. "Mke wa talaka rejea hatolewi nyumbani mpaka eda iishe."

Elinah alikuwa Mkristo na hakuyajua mambo hayo. "Na chakula, sheikh?"

"Ni juu ya mume."

"Na ng'ombe wa mahari? Alimwahidi tangu harusi, hatujamwona."

"Huyo ni deni. Lazima alipe."

Ekaju alikuja wiki iliyofuata, kwa kuwa mvua ilikuwa ikiingia kwake pale chumba kilipotoka. Hakuvuka kizingiti, asije akahesabiwa amemrudia mke.

"Mimi nimekupa nyumba," alisema. "Unataka nini ingine?"

"Chakula. Na ng'ombe wangu."

"Ng'ombe iko kijijini Petta. Nakwenda kuleta."

Hakumleta. Agwang alikaa eda yake yote akila sufuria moja na mama yake, na chumba hakikuvuja hata siku moja. Eda ilipoisha alitoa nguo zake, akatandika kitanda. Baada ya chai chumba kikaondoka polepole kuelekea mpakani. Elinah akafagia pale kilipokuwa.

Miezi ikapita. Agwang alikwenda Tororo kudai ng'ombe. Ekaju hakuwepo. Alipokewa na mke mpya, msichana aitwaye Zubeda, ambaye alimkaribisha chumbani kwa heshima na kummiminia chai.

"Dada, kweli hii chumba ilitembea?"

"Ndiyo."

Zubeda aliupapasa ukuta. "Na mimi itanifuata?"

"Kitakufuata. Mahari amekupa?"

"Bado. Ameahidi ng'ombe. Anasema iko Petta."

Agwang alimtazama. Kisha akamalizia chai, akashukuru, akatoka kuwahi gari la Busia.