Mayai Manane

"Vua na soksi!"

"Vua na mawazo, hayo ndiyo yenye uzito!"

Madereva waliozunguka mizani walicheka mpaka paka wa yadi ya malori akakimbilia chini ya trela. Tani Mbili, kama walivyomwita kwa unene wake, hakucheka. Alikwishavua viatu, mkanda, saa, akatoa simu na funguo mifukoni, akabaki na shati, suruali na kalamu ya wino kifuani. Hiyo kalamu aliisahau tu. Akapanda mizani polepole, mikono kaiachia, macho kayakaza ukutani palipoandikwa kwa rangi nyekundu: USALAMA KWANZA.

Nesi wa kampuni akainama kusoma namba. Akasoma tena. "Mia moja na tatu nukta mbili," alisema, na tabasamu likamponyoka. "Umepita."

Yadi ililipuka kwa vifijo. Miezi mitano nyuma mizani hiyohiyo ilisema mia moja na kumi na nane. Watu wa bima walikuwa wameleta waraka kwamba dereva mnene husinzia, kwa hiyo aliyezidi mia na tano asipewe lori la masafa marefu. Wenzake waliozidi walijaribu kila hila. Mmoja alishinda njaa siku mbili, akaanguka pale pale kwenye foleni ya kupimwa. Tani Mbili alifuata njia ndefu. Aliacha soda. Kila aliposimamisha lori alilizunguka mara arobaini kwa miguu, kichwa na trela lake, watu wakimwona mwendawazimu. Mkewe akawa anamfungia mboga za kuchemsha kwenye bakuli, hazina mafuta wala chumvi ya maana, naye akizila huku akijihurumia.

Lakini faida aliiona. Zamani akilala alikoroma hadi jirani akagonga ukuta, na katikati ya kukoroma pumzi ilikatika. Mkewe alikuwa akikaa macho gizani akihesabu. Akifika kumi na tano bila kusikia pumzi, alimpiga kiwiko. Mwaka mzima mwanamke alilala kwa kuhesabu. Sasa kiwiko kilikuwa kimestaafu. Tani Mbili alilala kama watu wengine wanavyolala, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna waraka uliomwambia: mwili ukishaonja usingizi wa kweli, haukubali tena kudanganywa.

Na wiki hii alikuwa ameudanganya vya kutosha. Juzi alilala kwa saa tatu tu, kiti kikiwa kitanda. Jana saa nane mchana aliondoka na mzigo, akaendesha mpaka leo asubuhi, muda wa saa kumi na saba, akisimama mara mbili tu kukagua matairi na kuzunguka lori lake kama kawaida. Aliingia yadini saa mbili kasorobo, akazima injini, akaketi mikono ikiwa bado kwenye usukani. Ndipo akajiuliza: daraja nimelivuka saa ngapi?

Hakulikumbuka. Daraja refu lile, lenye matuta mawili kabla na matuta mawili baada, ambalo saa moja asubuhi hujaa watoto wa shule wakivuka kwa miguu, wadogo wameshikana mikono. Alikumbuka kituo cha mafuta kabla ya daraja. Alikumbuka kiwanda cha matofali baada ya daraja. Katikati hapakuwa na kitu. Alishuka akakagua bampa la mbele, akapitisha kiganja kila mahali, akachuchumaa akatazama matairi. Palikuwa na vumbi na wadudu tu. Akamshukuru Mungu, halafu akaketi kwenye ngazi ya lori. Aliogopa. Dereva wa miaka kumi na tisa, aliogopa kama mtoto.

Hayo hakumwambia mtu. Hata kwenye mizani, wenzake wakimpiga mabegani, alikuwa bado anakitafuta kile kipande cha njia kichwani mwake.

"Shujaa wetu!" Sauti ilitoka mlango wa ofisi. Alikuwa mpanga safari, kijana wa shati lililopigwa pasi ambaye madereva walimwita Bwana Ratiba, kwa kuwa hata ukimsalimia alikujibu kwa saa. Alikuja na funguo zinaning'inia kidoleni. "Nilijua utapita. Sasa wewe ni mwepesi, upo macho, bima hawana neno. Kuna mabati yanasubiri. Kilomita elfu moja na mia mbili. Saa tano unatoka."

"Saa tano ya leo?"

"Kwani ya mwaka gani?"

"Bosi, mimi nimeingia sasa hivi. Sijalala."

"Utalala ukifika. Jaza fomu."

Fomu ilikuwa ndiyo ibada ya pale. Karatasi moja, maswali manane kuhusu usingizi, na kila swali ulijibu kwa namba, kuanzia sifuri mpaka tatu. Sifuri maana yake husinzii kabisa. Tatu maana yake unasinzia bila shaka. Jumla ikifika kumi, dereva haruhusiwi kupewa funguo. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kufika hata mbili. Kila dereva aliandika sifuri nane, akatia sahihi, akaenda zake. Zile sifuri waliziita mayai. "Umetaga?" waliulizana. "Nimetaga manane." Mezani kulikuwa na penseli moja imefungwa kwa kamba, yenye kifutio, ili kuku yeyote aliyekosea kutaga arekebishiwe. Fomu zenyewe zilikuwa na namba za mfululizo. Kila Ijumaa bima walikuja kuzihesabu, na hata iliyoharibika ilibidi nesi aitolee maelezo.

Tani Mbili alichukua fomu yake, akaenda nayo pembeni, akampigia mkewe.

"Wamekupima?" mkewe aliuliza kabla ya salamu.

"Mia na tatu."

Kigelegele kilichotoka kwenye simu kiliwafanya watu wawili wageuke. "Baba watoto! Nilikwambia! Leo nakukaangia, haki ya Mungu, hata kama ni kidogo. Unakuja saa ngapi?"

Aliikunja fomu, akaikunjua.

"Baba watoto."

"Wamenipa safari nyingine. Saa tano."

Sauti ya upande wa pili ikaja taratibu. "Umelala?"

"Kidogo."

"Usinidanganye. Mimi nimekuhesabia pumzi mwaka mzima, nitashindwa kujua sauti yako ikiwa imelala? Sasa nisikilize. Sikukuchemshia mboga miezi mitano ili ufe mwembamba."

Simu ikakatwa. Tani Mbili aliitazama, akairudisha kwenye mfuko wa shati. Kidole chake kikagusa kalamu.

Liwalo na liwe, alisema moyoni.

Akarudi mezani, akaketi. Penseli hakuigusa. Swali la kwanza: ukiwa umeketi umetulia baada ya kula. Akaandika tatu. La pili: ukiwa abiria kwa mwendo wa saa moja. Tatu. Ukiwa unaongea na mtu. Hapo alifikiri, maana hakutaka kuongeza chumvi, akaandika moja. Aliendelea hivyo, kila namba akiitafakari kama mtu anayejibu mtihani aliousomea. Swali la nane lilikuwa: ukiwa unaendesha. Kalamu ikasimama hewani. Halafu akaandika tatu, akaikoleza. Akajumlisha chini: ishirini na moja. Akatia sahihi.

Bwana Ratiba aliipokea huku akizungumza na simu. Akaitazama. Akaikata simu.

"Nini hii?"

"Fomu."

"Nani kakwambia utumie kalamu?"

"Imeandikwa wapi tutumie penseli?"

Madereva waliokuwa wakifunga turubai waliacha. Mmoja wao, rafiki yake wa siku nyingi aliyeitwa Breki, akasogea akifuta mikono kwa kitambaa. Na yeye alikuwa ameingia asubuhi ile, macho mekundu.

Bwana Ratiba aliteremsha sauti. "Mzee, acha utani. Hapa namba nane umeandika kwamba umelala ukiendesha gari la kampuni. Hilo ni kosa. Unaweza kufukuzwa."

"Ni kosa," Tani Mbili alisema, na hakuteremsha sauti. "Limetokea leo asubuhi, darajani. Nimevuka daraja zima na silikumbuki. Watoto wa shule walikuwa wanavuka. Wapo wazima kwa sababu Mungu aliendesha, siyo mimi. Sasa unataka nimwachie Mungu na haya mabati?"

Hakuna aliyecheka. Breki aliinamisha kichwa.

"Basi wewe ni mgonjwa," Bwana Ratiba alisema. "Una maradhi ya usingizi. Fomu inasema."

"Mimi si mgonjwa. Mimi nina usingizi. Dawa yake kitanda."

"Nesi! Lete fomu nyingine. Hii imeharibika."

Nesi alikuja, akaichukua, akaisoma swali kwa swali. Alikuwa mwanamke mpole ambaye miaka yote alikuwa akipiga mhuri mayai bila kuuliza. "Haijaharibika," alisema. "Imejaa. Mimi naigonga kama ilivyo." Akaigonga mhuri, pale pale juu ya meza, kabla moyo haujambadilikia.

Uso wa Bwana Ratiba ulivimba. "Sawa. Wewe mzee, kuanzia sasa umesimamishwa, mpaka ulete cheti cha daktari. Ujira wa siku huna, posho huna. Na ule wembamba wako kaoneshe mkeo." Akamgeukia Breki, akamtupia funguo za lori. "Wewe. Mabati. Saa tano."

Breki alizidaka. Hiyo ndiyo iliyomuuma Tani Mbili zaidi ya kusimamishwa: funguo hazikugusa hata chini. Miaka kumi na tisa barabarani, na dunia haikusimama dakika moja. Alihisi uchovu wote wa wiki unampanda kutoka miguuni. Nyumbani kulikuwa mbali, mabasi mawili, asingeyaweza. Akaliendea benchi refu lililokuwa chini ya yale maandishi mekundu, akavua viatu kwa mara ya pili siku hiyo, akaviweka chini ya kichwa.

Alipokuwa anafumba macho, kivuli kikamwinamia. Alikuwa Breki. "Kalamu yako hiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Niazime."

Tani Mbili aliitoa kifuani bila kufumbua macho, na kabla mkono haujarudi alikuwa amelala. Hakukoroma. Nesi alipita mara mbili kumtazama kifua, kikapanda, kikashuka.

Alipoamka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa yadi. Saa tisa. Shingo ilimuuma lakini kichwa kilikuwa chepesi, kila kitu anakiona na kona zake. Malori yalikuwa yamepangwa vile vile kama alivyoyaacha. Lile la mabati lilikuwa na turubai yake. La pembeni yake pia. La tatu, la nne. Chini ya kila moja, kivulini, miguu ya mtu ilikuwa imechomoza, na kutoka pande zote za yadi ilisikika mikoromo. Ofisini, Bwana Ratiba alikuwa amesimama ameshika simu mbili, moja kila sikio, akijibu "ndiyo mkuu, ndiyo mkuu" kwa zamu. Mezani mbele ya nesi palikuwa na rundo la fomu, na juu ya rundo mhuri.

Breki alitambaa kutoka chini ya trela, nywele zimejaa vumbi, akapiga mwayo. Akamrudishia kalamu.

"Imekwisha wino," alisema. "Kesho uje na mbili. Zamu ya jioni nao wameulizia."