Mpini wa Koki

Visahani vitatu viliwekwa juu ya gunia la pumba, na Mwanahija akavitazama kwa pembe ya jicho. Kukodolea kitu macho mbele za watu kulimshinda tangu utotoni. Hata hivyo aliona vizuri. Katikati ya kila kisahani palikuwa na duara tupu, kama upara.

Dada Adila, fundi wa maji kutoka Dar es Salaam, alikuwa amemfundisha kuvisoma. Ndani ya visahani huoteshwa vijidudu visivyodhuru, kama mtu anavyopanda mchicha, kisha tone la maji hutiwa katikati. Maji yakiwa na dawa ya kuku, vijidudu hufa na kuacha duara. Yakiwa hayana dawa, huota mpaka katikati. Kwa hiyo hapa, kinyume na kila alichojua Mwanahija, uhai wa vijidudu ndio ulikuwa habari njema.

"Haya," alisema Bwana Abdullatif, msimamizi wa shamba la kuku. "Miezi miwili mmenilia umeme, na dawa bado imo. Mashine imeshindwa."

Adila alikigeuza kisahani kimoja, akakigeuza tena, kama mtu anayetafuta tundu kwenye sufuria inayovuja.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Kulikuwa na pipa jeusi, pampu, bomba la kioo lenye taa kali isiyotazamwa kwa macho, na galoni la ile dawa ya mapovu wanayosafishia vidonda. Maji yaliyooshewa mabanda yalichujwa kwa mchanga, yakatiwa dawa ya mapovu, yakazungushwa kwenye taa. Mwanga ukikutana na dawa ile, huzaliwa nguvu isiyodumu hata kufumba na kufumbua, lakini katika uhai wake huo mfupi hukatakata kila inachokikuta, pamoja na mabaki ya antibayotiki wanazopewa kuku. Mwanahija aliishia darasa la tano, lakini hilo alilielewa siku ile ile aliyoelezwa. Kazi yake ilikuwa kusugua pipa na kufungua koki.

Koki ilimwaga kwenye kijito, na kijito kilishuka bondeni kwenye visima vya kwao. Mama yake, Bi Batuli, alikuwa na kidonda mguuni mwezi wa tano sasa. Daktari alishambadilishia dawa mara tatu, akasema vijidudu vyake vimezizoea. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba vilizizoea kwa sababu ya maji ya kuku. Lakini mwenye kisima hangoji kiapo ndipo akifunike.

"Kombo, kesho ng'oa vyuma hivi," Abdullatif alimwambia kibarua wake, kijana wa mabandani. "Na wewe, binti, fungua koki. Banda la tatu linataka kuoshwa na pipa limejaa."

Mwanahija akaenda mpaka kwenye pipa. Akaushika mpini wa koki. Akabaki hivyo.

"Fungua, bibi harusi," Kombo akamtania. "Bosi amesema."

"Sifungui."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Kombo akapiga makofi. "Loo! Leo bubu kapata ulimi!"

"Mashine haikushindwa," alisema Mwanahija, akiliambia pipa. "Niliiharibu mimi. Dada Adila, ulisema juzi utakuja na mwalimu wako kuchota maji ya kupima. Pipa lilinuka mavi ya kuku. Nikaona aibu. Kwetu mgeni hachotewi maji kwenye chombo kisichofukizwa. Nikaligeuza, nikalifukiza ubani. Maji yalipojaa nikatia marashi."

Adila akainua kichwa. "Marashi kiasi gani?"

"Chupa mbili. Zile kubwa."

Kombo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mavi ya kuku na marashi mawaridi! Bagamoyo kwa ustaarabu hatujambo!"

Adila hakucheka. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nguvu ile haichagui, Mwanahija. Imekula marashi yako kwanza. Ilipofika zamu ya dawa, ilikuwa imekwisha."

"Ndiyo. Basi izungushwe tena, yapimwe tena."

"Hadithi!" alisema Abdullatif. "Na kama ni kweli, huna kazi hapa. Fungua koki, uende kwenu."

"Kwenda nitakwenda. Kufungua sifungui."

"Pipa hili la nani?"

"La kwako, baba. Kijito si cha kwako."

"Kombo! Mtoe hapo!"

Kicheko kilikuwa kimemwisha Kombo. Naye alikuwa mtu wa bondeni. "Nimtoe vipi, bosi? Nimshike wapi, nami si maharimu wake?"

Abdullatif akapiga hatua mbili, akasimama. Hata yeye mkono ulimwia mzito. Wakati huo Mwanahija alikwisha chukua spana kwenye sanduku la vifaa la Adila. Skrubu ikamponyoka mara mbili. Akaing'oa. Akauvuta mpini wa koki, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo, akajitanda vizuri.

"Kombo, lete koleo!"

"Koleo limepotea, bosi."

"Limepotea lini?"

"Sasa hivi."

Adila alikuwa amekwisha inuka. Akamimina dawa ya mapovu, akawasha taa, na pampu ikaanza kunguruma. Abdullatif alitazama saa yake, akamtazama msichana.

"Kesho visahani vikiwa na duara, nakuitia polisi."

"Waite mapema. Nitakuja saa mbili."

Alikuja saa moja na nusu. Adila alifunua visahani mbele ya watu wote wa shamba. Kimoja, cha pili, cha tatu. Ukungu wa vijidudu ulikuwa umetanda kutoka ukingo hadi ukingo, bila tobo. Mwanahija safari hii alivitazama waziwazi, karibu, mpaka pumzi yake ikaacha ukungu mwingine juu ya kifuniko.

Abdullatif alikohoa. Akanyoosha kiganja. "Haya, umeshinda. Nipe mpini wangu."

Mwanahija alifungua pindo, akaupachika mpini, akakaza skrubu, akafungua koki. Maji yakashuka kijitoni mpaka pipa likalia tupu. Kisha akaung'oa tena mpini, akaufunga pindoni.

"Nilikufukuza kazi jana, hukusikia?" alisema Abdullatif.

"Nilisikia, baba. Pipa likijaa, tuma mtu aniite. Visahani vikiwa havina duara, nitakuja kufungua."

Akashika njia ya bondeni, kichwa chini kama kawaida yake.