Kiuno cha Bibi Dobi

“Hicho kiuno ni changu,” Bibi Dobi alisema, mkono mmoja umeuzuia mlango wa Breki usifungwe. “Na unajua ni changu. Wewe ugonjwa wako ni goti tangu tukufahamu.”

“Sijakataa kwamba ni chako,” Breki alijibu. “Nimesema leo sirudishi.”

“Na hili goti lako nilipeleke wapi? Nimelala nalo, nimeamka nalo, hata chooni halitaki kukunjika.”

“Liache hapo chini, nitalichukua.”

“Nikiliacha, mimi nitabaki na nini?”

Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa ameshatoa kiti chake nje, akijifanya anatafuta mwanga wa kupitisha uzi kwenye sindano. Alisema ameishi katika jengo lile muda mrefu na ameona wanaume wakigombania mambo mengi, lakini mwanamume kung’ang’ania kiuno cha mjane mchana kweupe, mke wake mwenyewe yuko ndani anakaanga vitunguu, hilo alikuwa hajaliona.

“Mpe mwenzio kiuno chake, mzee,” mke wa Breki alisema kutoka jikoni. “Nawasikiliza nyinyi huku vitunguu vinaungua.”

Breki aliuondoa mkono wa Bibi Dobi mlangoni taratibu, kama anayemtoa mtu nyuzi begani, akafunga. Bibi Dobi akabaki nje na goti la mtu mwingine.

Jengo lile la ghorofa halikuwa na lifti. Juu ya paa palikuwa na kamba za kuanikia nguo na nafasi tupu katikati, na kila asubuhi wazee wa jengo walipanda huko kufanya mazoezi chini ya Nesi, ambaye alikuwa amestaafu kazi lakini hajastaafu kuamuru watu. Ngazi ya mwisho ilikuwa kali. Kwa hiyo wazee walizoea kuyaacha maumivu yao pale chini yake, penye kona, kando ya ukuta, kama watu wanavyoacha viatu mlangoni. Kisha walipanda wepesi. Wakimaliza, walishuka, kila mmoja akachukua yake akaenda nayo nyumbani. Kuyaacha moja kwa moja haikuwezekana. Muuza mkaa wa ghorofa ya chini aliwahi kujaribu, na mgongo wake ukamfuata hadi kitandani kabla hajamaliza chai.

“Nusu, wazee, nusu,” Nesi alikuwa akisema kila walipofika juu. “Hamjapona, mmeweka chini tu. Ukijiona kijana hapa juu, utajua huko chini.”

Walinyanyua chupa za maji. Walisimama kwa mguu mmoja wakishika ukuta kwa kidole, halafu bila kidole. Breki, aliyekuwa dereva wa magari ya mizigo maisha yake yote, alikaa na kuinuka kwenye kiti pasipo kujisaidia kwa mikono, huku akipiga soga. Jina hilo alilipata kwa sababu mguu wake wa kulia bado ulikuwa unakanyaga hewa kila alipoona kitu kinamjia mbele. Goti lililouma lilikuwa la kushoto, la klachi, na alipoliweka chini lilikuwa dogo na zito kama betri kuukuu ya gari. Bibi Dobi alikuwa amefua mashuka ya hoteli hadi hoteli ikanunua mashine. Zoezi lake alilibuni mwenyewe. Alilowesha taulo, akalikamua kwa kujipinda kulia na kushoto, kisha akalinyoosha juu ya kamba hadi visigino vikaacha sakafu. Kiuno chake, kikikaa pale chini ukutani, kilikuwa kirefu na kimekunjwa, kama shuka lililolowa.

Alikipata kiuno hicho alipoanguka ngaziani. Jengo zima lilijua ameteleza, kwa kuwa alikuwa amevaa kandambili. Mwanawe ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari na kukaa naye hospitali. Mwanawe huyo alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, mtu wa watu, mwenye kucheka kwa sauti na kukumbuka majina ya wajukuu wa kila mtu, na hata mama yake alimwita Mwenyekiti. Baada ya hapo Nesi alitunga kanuni kwamba hakuna kupanda paani na kandambili, lazima kiatu kilichofungwa nyuma. Kila asubuhi aliwakagua miguu, na kila asubuhi alisema, “Mnamwona Bibi Dobi?” Bibi Dobi aliinua mkono, watu wakamwona.

Mwenyekiti naye alitunga kanuni yake. Alimwambia mama yake kwamba akianguka tena, paa basi, ngazi basi, atakaa ndani kwenye kiti cha mto na kuletewa kila kitu. Aliwaambia majirani hivyo hivyo, na majirani wakasema watoto kama huyo ni wachache. Bibi Dobi alizidi kukamua taulo.

Kilichowachanganya ni mvua. Ilianza ghafla, katikati ya zoezi la mabega, na wazee wakashuka mbio wakibeba nguo za watu walizozianua njiani. Pale penye kona kila mtu aliokota alichokutana nacho. Breki alifika kwake, akakaa mezani, akaweka mkono kwenye kikombe cha chai, ndipo akagundua kwamba goti halimuumi na kiuno kinamuuma.

Hilo halikumsumbua. Alifikiri atakirudisha mvua ikikatika.

Maumivu hukumbuka yalikoanzia. Kila mzee wa jengo lile alijua hivyo, ndiyo maana hawakupenda kuyakalia kimya, waliwasha redio. Goti la Breki lilikuwa na barabara mbovu na pedali ngumu, na yeye alishalizoea. Lakini hiki kilikuwa kiuno kigeni, na redio ilikuwa mbali.

Kilianza na ngazi, asubuhi. Ndoo tupu mkononi. Mguu mmoja unashuka, unasubiriwa na mwingine, kisha unashuka tena. Pumzi ya mtu nyuma, karibu. Sauti ikasema, “Mama, nimechelewa mimi. Sogea basi.” Mguu mmoja ukashuka, ukasubiriwa na mwingine. Kisha viganja viwili, vimefunguka vizuri, vikamkaa mgongoni na kusukuma.

Ngazi zikapita. Ndoo ikafika chini kwanza.

Baada ya hapo palikuwa na kimya, na Breki alikaa ndani ya kimya hicho muda mrefu kuliko alivyopenda. Kilikuwa kimya cha mtu aliyesimama juu ya ngazi akitazama milango, mmoja baada ya mwingine, kuona kama kuna uliofunguka. Hakuna uliofunguka. Ndipo kilio kikaanza, na sauti ile ile ikasema mama ameteleza, jamani, njooni, mama ameteleza.

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa Breki mwenyewe. Aliikumbuka asubuhi ile kutoka upande wake. Alimkuta Mwenyekiti amekilaza kichwa cha mama yake mapajani, machozi yanamtiririka hadi shingoni, akampigapiga begani na kumwambia, “Wewe ndiye mtoto.” Kisha akamgeukia mama mtu na kumgombeza kwa sababu ya kandambili.

Chai ilipoa. Mke wake alimuuliza kama anaumwa. Alisema ndiyo, kiuno. Mke wake akasema kiuno si chako, akaendelea kupepeta mchele.

Asubuhi ya baada ya ugomvi wa mlangoni, Bibi Dobi alipanda paani akichechemea kwa goti la klachi. Aliliweka chini penye kona kama kawaida, lakini juu mambo yakaharibika. Alipojipinda na taulo, mwili haukumwambia afike wapi. Alikuwa amezoea kiuno chake hata kikiwa chini ukutani. Kilimwachia onyo la usiku kucha, na asubuhi alijua mpaka wake. Goti la Breki halikumwachia onyo lolote kuhusu kiuno. Alijipinda, akapitiliza, miguu ikalegea. Nesi alimdaka kwapani na kumkalisha.

“Sasa utani umekwisha,” Nesi alisema. “Breki, leta kiuno cha watu.”

Breki alikuwa amepanda nacho. Hakukiacha penye kona kwa kuogopa asije mtu mwingine akakiokota. Alikitoa, lakini hakumpa mwenyewe. Alimpa Nesi.

“Kivae kwanza wewe,” alisema.

“Mimi?”

“Wewe si ndiye mwenye kanuni ya kandambili.”

“Usikivae,” Bibi Dobi alisema.

Nesi alishakivaa. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama kati ya shuka na shuka, ameshika kamba, na upepo ukayasogeza mashuka yakamfunika, kisha yakamfunua, na bado alikuwa amesimama vile vile. Alipomaliza alimpa Fundi. Fundi alikaa nacho juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe, alinyamaza pasipo kuwa amelala.

Hakuna aliyeshangaa kwamba kiuno kinasema. Walikuwa wanaifikiria ile mikono iliyosukuma.

“Nilimshonea suti ya uenyekiti,” Fundi alisema mwishowe. “Hiyo mikono niliipima mimi.”

“Na kule kutazama milango,” Nesi alisema. “Mimi kusukuma naweza kuelewa. Mtu ana hasira. Lakini alisimama akatazama milango kwanza.”

“Mmemaliza kuvalishana kiuno changu?” Bibi Dobi aliuliza. Bado alikuwa amekaa pale alipokalishwa, taulo mapajani. “Haya, kileteni.”

“Bibi, hatuwezi kukaa kimya,” Nesi alisema.

“Mbona mmeweza muda wote.”

“Tulikuwa hatujui.”

“Mimi nilikuwa najua, na nimekaa. Mtafanya nini? Mtamfukuza? Nihamie kwa nani? Kwako, Breki? Mke wako alale wapi, juu ya friji?”

Breki aliangalia mguu wake wa kulia, uliokuwa unakanyaga sakafu pole pole.

“Nina mtoto mmoja,” Bibi Dobi alisema, “ndiye huyo. Na nina hii ngazi. Nikiamka nikaona nimepanda tena, najua leo bado nipo. Siku mkimgusa yeye, hata kwa neno, ataufunga mlango kwa kunihurumia, na nyinyi hamtanifungulia, maana huruma haina wa kuishtaki. Nitakaa kwenye kile kiti mpaka miguu isahau. Kwa hiyo kiuno ni changu, mtoto ni wangu. Nipeni.”

Walimpa. Alikivaa taratibu, mkono ukutani, akaupa mguu mmoja uzito, kisha mwingine. Nesi alimkumbusha, kwa sauti isiyo yake, kwamba kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka unatangulia ule mbovu. Bibi Dobi alisema anajua. Walishuka nyuma yake wote, hatua kwa hatua, kila mmoja akiacha nafasi kubwa kati yake na mgongo wa aliye mbele.

Penye kona walimkuta Mwenyekiti amepiga magoti.

Habari za ugomvi zilikuwa zimemfikia, kama zinavyomfikia mwenyekiti yeyote anayejali. Alikuwa amekuja na kopo la rangi nyeupe, brashi na rula ndefu, na alikuwa akichora viboksi kando ya ukuta, vimenyooka, vyenye ukubwa sawa. Ndani ya kila kimoja aliandika jina. Cha mama yake kilikuwa cha kwanza, karibu na chuma cha kushikilia, ili asiiname mbali.

“Hakuna tena kuchanganyana, wazee wangu,” alisema. “Kila mtu na lake. Breki, goti lako hapa. Fundi, mabega hapa. Nesi, wewe unajifanya huumwi, lakini nimekuwekea nafasi.”

Fundi alicheka kidogo, kwa mazoea, kisha akaacha. Muuza mkaa, ambaye alikuwa hajapanda siku hiyo na hakujua lolote, alisema kutoka chini kwamba jengo lina bahati ya kiongozi.

Mwenyekiti alichovya brashi. “Mzee Breki, nasikia ulikaa nacho siku mbili.”

“Nilikaa nacho.”

“Kilikuwa kizito?”

“Kizito.”

“Pole sana,” Mwenyekiti alisema. Alimalizia herufi ya mwisho ya jina la mama yake, akaipulizia ikauke. Mstari ulitoka mzuri. Alisema mzee akibeba kitu kisicho chake anaweza kuumia vibaya, na kwamba yeye kama mwenyekiti asingependa hilo litokee. Breki akasema asante. Alilisikia neno hilo likimtoka.

Viboksi viko pale hadi leo, na kila mwaka vinapakwa rangi upya. Wazee wanaviheshimu. Asubuhi wanaacha, wanapanda, wanashuka, wanachukua. Kanuni ya viatu nayo ipo, Nesi bado anakagua miguu, ila siku hizi hamtaji mtu.

Lakini siku ile rangi ilikuwa mbichi na hakuna aliyejua aondoke vipi. Mwenyekiti aliinuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akampisha mama yake apite mbele. Alimfungulia mlango. Alimvua viatu vilivyofungwa nyuma, akavipanga ukutani, akamvutia kiti mezani na kumwekea mto kiunoni, mahali penyewe hasa, bila kuuliza ni wapi. Harufu ya chakula ikatoka hadi ngaziani. Fundi alikumbuka ana nguo ya mtu. Nesi alikumbuka ana dawa za kunywa. Breki hakukumbuka kitu, akabaki kizingitini, goti lake limerudi na linamuuma.

Bibi Dobi alimtazama kutoka mezani, akasogeza sahani ya pili mahali palipokuwa wazi, kati yake na mwanawe.

“Breki,” alisema, “usinisimamie mlangoni kama askari. Ingia ule.”