Mabomba ya Marehemu

Kazini walimwita Bi Chupa, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka na kikasha cha chupa, akichota maji ya vijito vya mji na kuyapeleka maabara kupimwa. Jina lilimganda, naye akaliitikia. Tangu mumewe afariki, kuna siku zilipita bila mtu kumwita kwa jina lingine lolote.

Mwaka huo mvua ziliadimika, na kijito cha nyuma ya mtaa wake kikachafuka kupita kiasi. Maji yalitandwa na ute wa kijivu, na majibu ya maabara hayakuficha kitu: kinyesi cha binadamu. Watu wakanyooshea kidole machinjio, wengine gereji. Bi Chupa akakipanda kijito kwa miguu, akichota kila baada ya hatua mia. Machinjioni maji yalikuwa na afadhali. Gereji ilikuwa na mafuta yake, basi. Uchafu ulianzia pale mfereji wa maji ya mvua wa mtaa wake ulipomwaga kijitoni.

Akachukua ile rangi ya kijani wanayotumia kufuatilia mabomba, akaanzia nyumbani kwake. Aliimimina chooni, akavuta maji, akateremka mbio hadi kijitoni. Dakika saba hakikutokea kitu. Alipotaka kushusha pumzi, mfereji ukatapika kijani kibichi.

Mabomba ya nyumba ile, na ya nyumba zote kumi na moja za safu ile, aliyalaza mumewe. Fundi Bomba, mtaa mzima ulimjua. Msibani walisema hakuwahi kulipua kazi hata siku moja.

Jioni akaenda kwa mzee aliyekuwa akifanya kazi na marehemu, ambaye sasa goti lilikuwa limemstaafisha.

"Shemeji, umepotea! Karibu ukae."

"Sikai, shemeji. Mabomba ya safu yetu yanaingia mfereji wa mvua. Alijua?"

Mzee akalikanda goti lake. "Bomba kuu la maji taka liko ng'ambo ya barabara. Ilibidi tupasue lami, na kibali kikagoma kutoka. Watu walishahamia. Akasema tuchomeke kwenye mfereji kwa muda, tutarudi. Kila mwaka alisema tutarudi."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje, shemeji? Wewe ndiye mpima maji."

Njia nzima alikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akimpokea kile kikasha mlangoni na kumuuliza, "Haya, leo umemkamata nani?" Wakacheka wote wawili. Kumbe mmoja alikuwa akicheka na roho mkononi.

Akampigia simu binti yake, aliyeolewa mji wa mbali.

"Mama, andika tu kwamba chanzo hakijulikani. Baba kashalala, mwache apumzike."

"Kinajulikana, mwanangu."

"Basi ujue utabaki peke yako hapo mtaani."

"Kwani sasa niko na nani?"

Binti akasema watoto wanamwita, akakata.

Ripoti aliiandika kwa mkono wake, nyumba yake ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Barua za manispaa za kuamuru nyumba zote zichimbe mabomba upya zilipofika, salamu za mtaani zikawa za mkato. Jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyelala kwake siku zote za msiba, alimwambia mlangoni, "Mwenzetu, umemwanika mumeo juani," akajiendea zake.

Siku ya kupasua lami Bi Chupa alisimama ukingoni mwa mtaro. Msimamizi wa wachimbaji, mgeni asiyejua lolote, alifuta udongo kwenye kiungo cha bomba, akatikisa kichwa. "Aliyelaza haya alikuwa fundi kwelikweli, mama. Hakuna kiungo hata kimoja kinachovuja."

Bi Chupa akaangua kicheko, kikageuka kilio hapo hapo. Yule bwana akamtazama, asijue amekosea wapi wala ampoze vipi. Naye hakuwa na mtu wa kumweleza.

Baada ya miezi minne alichota tena pale mdomoni mwa mfereji. Ute ulikuwa umekwisha na mawe ya chini yalionekana. Aliandika tarehe kwenye chupa, akafunga kikasha, akakaa kidogo kwenye majani. Nyumbani hapakuwa na haraka.