Mramba na Mama Haya

Kunguru alitua kwenye ukuta wa ua mara ya tatu asubuhi hiyo, na mara ya tatu mramba akamrukia mgongoni. Mramba si ndege wa kutisha: mweusi, mkia wa panda, ungeweza kumfumbata mkononi. Lakini alikuwa na makinda kwenye mpera ule, na kwa ajili yao hakujua mkubwa wala mdogo. Alimdonoa kunguru kisogoni hadi jitu zima likakimbia, likipiga kelele kana kwamba ndilo lililoonewa.

Mshonaji aliyatazama hayo kutoka barazani, mguu juu ya pedali ya cherehani, akasahau kukanyaga. Masikio yake yalikuwa langoni. Shemeji alisema angefika saa nne.

Mtaa mzima ulimwita Mama Haya, maana hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila mtu. Mteja akitaka gauni kesho: haya. Jirani akiazima pasi: haya. Mumewe alipofariki, kaka mtu akaja kuchukua baiskeli ya marehemu: haya. Kisha kabati. Mwezi uliopita alibeba hata meza ya kulia, na mama wa watu akamshikia mlango. Juzi akatuma ujumbe kwamba sasa anafuata cherehani, bintiye anataka kujifunza kushona. Naye, kwa mazoea tu, akajibu neno lake lilelile. Tangu hapo hakupata usingizi. Cherehani ikiondoka, yeye na wanawe wawili watakula nini? Haya haziliwi.

Lango likalia. Shemeji aliingia pamoja na msukuma mkokoteni.

"Hujambo, shemeji? Naona hata hujaifunika."

"Sijambo. Nina kazi ya watu, shemeji."

"Utamalizia kwa mkono. Wewe si fundi bwana?" Akacheka, akaweka kiganja juu ya cherehani, vidole karibu na sindano. "Mali ya marehemu ndugu yangu hii. Na tulishakubaliana. Haya?"

Akangoja neno. Msukuma mkokoteni naye akangoja. Mperani mbawa zilipigana. Kunguru alikuwa amerudi. Moyo wa mshonaji ulimdunda hadi akausikia kwenye meno. Aliogopa, aliogopa sana, na mguu wake ukakanyaga.

Sindano ikashuka tatatata, upana wa kucha kutoka kidole cha shemeji. Akaruka nyuma kama aliyeungua.

"Unataka kunitoboa! Mbele ya watu! Wewe mwanamke huna haya?"

"Sina, shemeji," alisema. "Nilizokuwa nazo umezibeba zote."

Msukuma mkokoteni aligeuza uso, akakificha kicheko ndani ya kikohozi. Shemeji akaapa kurudi Ijumaa na wazee wa ukoo, kisha akatoka, mkokoteni mtupu ukigongagonga nyuma yake.

Uzi ulikuwa umekatika. Mshonaji alijaribu kuutunga tena, akalikosa tundu la sindano. Akajaribu tena na tena, akalikosa. Kunguru alikuwa ametua ukutani, mbali kidogo na pale pa mwanzo. Mramba alikaa juu ya kamba ya nguo, mkia ukitikisika, bila kumwondolea macho.

Mara ya nne uzi ukapita.